Dipositi Yako Unaipigania Siku ya Kuingia, Si Siku ya Kuhama

Kila mwisho wa mwezi simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Msee amehama, amesugua keja mpaka choo kinang'aa, amerudisha funguo kwa keteka, halafu landlodi anamwambia dipositi "imeisha kwa rangi." Elfu nane zote zimeishia kwa rangi ya bedsita ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Na swali linalofuata huwa ni lile lile: "Kwani sheria inasema aje?"

Nitakujibu, lakini jibu halitakufurahisha sana. Sheria ya Kenya ina maneno mengi mazuri kuhusu mpangaji. Shida ni kwamba ile sehemu yake yenye meno iliandikwa kwa nyumba za bei ambayo wengi wetu hatujawahi kulipa. Sisi wa bedsita za elfu saba na nyumba za elfu kumi na tano tunalindwa zaidi na kile tulichoandika na tukakihifadhi. Kama hatukuandika kitu, tunabaki tukitegemea roho safi ya landlodi. Wako wenye roho safi, sikatai. Lakini pesa yako usiitegemeze kwa roho ya mtu.

Ndiyo maana nasema vita vya dipositi vinapiganwa siku ya kuingia. Siku ya kuhama ni ya kuangalia tu nani ako na ushahidi.

Ile namba ya 2,500

Kuna sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296. Chini ya sheria hiyo kuna jopo maalum linalosikiza kesi kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Landlodi hawezi kuamka asubuhi akapandisha kodi anavyotaka. Hawezi kukutoa bila amri ya jopo. Na kama anakusumbua makusudi ili uhame au ukubali kodi ya juu, hilo ni kosa anaweza kushtakiwa nalo.

Tamu, si ndiyo? Sasa soma maandishi madogo. Sheria hiyo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Na hiyo "kodi ya kawaida" inapimwa kwa kurudi nyuma kuangalia nyumba ilikuwa inalipiwa ngapi tarehe 1 Januari 1981. Mwaka huo wazazi wa wengi wetu walikuwa bado shule ya msingi.

Nani analipa 2,500 leo? Wako. Kuna vyumba vya mabati Mathare, Mukuru na Kibera, na vyumba vya ploti kwa miji midogo. Kama wewe ni mmoja wao, tafadhali shika hii: sheria kali kuliko zote iko upande wako, na pengine hakuna mtu amewahi kukuambia. Landlodi anayekung'olea mlango juu ya elfu mbili hana haki hiyo hata kidogo.

Na kama unachokodi ni duka, kinyozi, saluni au kibanda cha chakula, sheria yako ni nyingine, Sura ya 301, na ina jopo lake la nyumba za biashara. Usichanganye hizo mbili.

Mtu akikutumia kile kipande cha Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021, ambao ulitaka kuweka mambo haya yote chini ya paa moja, kumbuka muswada si sheria mpaka upitishwe na utiwe sahihi. Usiende kumtisha landlodi nao halafu akucheke.

Kile tulicho nacho sisi wengine

Juu ya 2,500, unasimama kwa miguu miwili: makubaliano yako na landlodi, na Sheria ya Ardhi ya 2012. Hiyo ya pili watu huisahau kwa sababu jina lake linafanana na mambo ya shamba na mipaka. Lakini ndani yake kuna ahadi ambazo landlodi anahesabiwa kuzitoa hata kama hazikuandikwa popote.

Ya kwanza, nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kuishi siku unayoingia, na ibaki hivyo muda wote uko ndani. Ya pili, kama umekodi sehemu tu ya jengo, kama vile wengi wetu kwa flati, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu mnazotumia wote ni kazi ya mwenye jengo kuzitengeneza. Ya tatu, ukilipa kodi na kufuata makubaliano, una haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Landlodi anaweza kuja kukagua nyumba kwa saa inayofaa, lakini si kuingia saa tano usiku na funguo zake za akiba ati anaangalia bomba.

Na ya nne ni notisi. Kama unalipa kila mwezi na hamkuandika muda wa kukaa wala muda wa notisi, notisi isipungue mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Hii inawafunga nyote wawili. Nitairudia tukifika kwa kuhama, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Angalia sasa kile ambacho hakimo. Kwa hizi nyumba zetu za juu ya 2,500, hakuna kipengele kinachosema dipositi iwe ya mwezi mmoja tu, au irudishwe ndani ya siku kadhaa, au rangi ni ya nani. Hayo yote yameachwa kwa makubaliano. Ndiyo maana narudi palepale kila wakati: andika.

Kabla pesa haijatoka

Huwezi kuandika makubaliano mazuri na mtu ambaye hana nyumba. Kwa hivyo tuanzie kwa ajenti.

Ajenti wa nyumba Kenya anatakiwa kuwa amesajiliwa. Kuna sheria yake, Sura ya 533, na kuna bodi ya kuwasajili. Wale vijana wa kutuma picha tamu za nyumba za Kilimani na Roysambu wakitaka ada ya kuonyeshwa kwanza, wengi hawako kwenye orodha yoyote. Sisemi kila mmoja ni tapeli. Wengine wanatafuta riziki tu kama sisi. Lakini kuna wale wanaokula hiyo ada ya watu kumi kwa siku kwa nyumba ambayo ilishapata mtu zamani.

Kanuni yangu ni rahisi: hakuna shilingi ya dipositi inatoka kabla sijasimama ndani ya hiyo nyumba, nikafungua bomba kwa mkono wangu, nikaongea na mpangaji mmoja ambaye hakuletwa na ajenti. Huyo jirani ndiye mwalimu. Muulize vitu vitatu. Maji huja siku ngapi kwa wiki? Mita ya stima ni ya kila nyumba au mnagawana, na kama ni ya landlodi, yuniti mnauziwa ngapi? Na aliyehama mwisho alirudishiwa dipositi? Ukiona amecheka kabla ya kujibu lile la tatu, umeshajibiwa.

Halafu hesabu pesa yote ya kuingia, usihesabu kodi peke yake. Tuseme bedsita ni 8,000. Kodi ya mwezi wa kwanza 8,000, dipositi ya nyumba 8,000, dipositi ya maji na stima 2,000. Hapo ni 18,000 kabla ya gari la kuhama. Uliza kila kipande kinaitwa nini na kipi kinarudi. Ukisikia neno kama "ada ya makubaliano", hiyo hairudi. Afadhali uijue mapema.

Siku ya kuingia

Kama umepewa karatasi ya makubaliano, isome yote kabla ya kutia sahihi, hata kama keteka amesimama hapo akichezea funguo. Tafuta sentensi nne: notisi ni ya muda gani, dipositi inarudi lini na kwa masharti gani, rangi ni ya nani ukihama, na kodi inaweza kupandishwa baada ya muda gani. Kama sentensi ya rangi inasema utalipia rangi ya nyumba nzima hata kama umekaa miezi mitatu, hapo ndipo pa kubishana. Baada ya sahihi utakuwa unaomba msamaha tu.

Chukua nakala yako. Makubaliano ambayo nakala iko kwa landlodi peke yake ni yake, si yenu.

Kama hakuna karatasi, na kwa ploti nyingi hakuna, usikae kimya. Tengeneza yako kwa simu. Tuma ujumbe kama huu, siku hiyo hiyo unachukua funguo:

"Habari yako Mama. Ni mimi mpangaji mpya wa nyumba B7. Leo tarehe 1 nimechukua funguo. Nimelipa kodi 8,000, dipositi ya nyumba 8,000 na dipositi ya maji na stima 2,000, jumla 18,000. Tumekubaliana notisi ni mwezi mmoja, na dipositi itarudi yote nikihama, ikitolewa tu gharama ya kitu nitakachoharibu. Nimekutumia picha za vitu nilivyovikuta vikiwa vimeharibika. Kama kuna mahali sijaelewa vizuri, tafadhali nijulishe. Asante sana."

Ona vile hakuna vita humo. Ni adabu tupu. Lakini tarehe iko, pesa iko, masharti yako, na picha ziko. Akijibu "Sawa" tu, umemaliza. Asipojibu, bado umetuma na hakukataa.

Picha nazo zisiwe za kujipiga ukiwa umesimama kwa keja mpya. Piga sinki, vigae, soketi, vitasa vya dirisha, mlango wa choo, dari pale penye alama ya maji. Piga video moja ndefu ukizunguka huku ukisema tarehe. Kisha jitumie kwa barua pepe, kwa sababu simu huibiwa kwa matatu na ushahidi wako ukaenda nayo. Mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki, kwa hivyo usifute ujumbe wa asili ukabaki na picha yake tu.

Hii si nadharia. Nilikaa Zimmerman miezi 19. Siku ya kuhama keteka alikuja na daftari: kigae kimepasuka 1,500, soketi imeungua 600, rangi 4,000. Jumla 6,100. Kwa dipositi ya 9,000, ningebaki na 2,900. Sikupandisha sauti. Nilimwambia, "Mzee, hebu tuangalie pamoja," nikafungua mazungumzo yetu ya siku ya kwanza. Kigae kilikuwa hapo, kimepasuka. Soketi ilikuwa hapo, nyeusi. Na chini yake kulikuwa na jibu lake mwenyewe: "sawa kijana nimeona." Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akakata mistari miwili. Kwa rangi tulikubaliana 1,200 ya ukuta mmoja wa jikoni. Nilipata 7,800.

Huyo mzee hakuwa mwizi. Ana nyumba zaidi ya 30 na daftari moja, na hakukumbuka. Wewe ndiye wa kukumbuka.

Ukiwa ndani

Lipa kodi kwa njia inayoacha alama. Kama ni M-Pesa, jina na namba viwe vile mlikubaliana, na ujumbe wa kuthibitisha usiufute. Keteka akikuambia "tuma kwa hii namba yangu mwezi huu", mpigie landlodi kwanza. Ukilipa pesa taslimu, hakuna risiti hakuna pesa. Nimeona mtu akidaiwa miezi miwili aliyokwisha kulipa kwa sababu keteka alifukuzwa kazi na akaondoka na kitabu.

Kitu kikiharibika, usimwambie keteka mkipishana kwa ngazi ukadhani umeripoti. Andika ujumbe, weka picha, weka tarehe. "Paa linavuja juu ya kitanda tangu jana. Naomba fundi kabla ya Ijumaa." Wiki ikipita, tuma tena, ukitaja ule wa kwanza. Unajenga ngazi, hatua moja moja.

Halafu kuna wale wanasema, "Basi mimi silipi kodi mpaka anitengenezee." Naelewa hasira, lakini usifanye hivyo. Ukiacha kulipa, wewe ndiye unaonekana umevunja makubaliano, na ile shida ya paa inasahaulika. Njia salama zaidi ni hii: omba landlodi akubali kwa maandishi ulipe fundi mwenyewe na ukate kwa kodi ya mwezi ujao. "Fundi amesema 1,800. Nimlipe halafu nilete kodi 6,200?" Akijibu ndiyo, tunza jibu na risiti ya fundi.

Kodi ikipanda, ukweli ni kwamba kwa nyumba za juu ya 2,500 hakuna kiwango cha sheria cha kumzuia. Lakini kuna muda. Kama makubaliano yenu yanasema kodi haibadiliki mwaka mzima, haibadiliki. Kama hayasemi, hawezi kukutumia ujumbe tarehe 30 ati kuanzia kesho ni elfu kumi. Anabadilisha masharti ya ule mwezi mliokubaliana, na wewe una haki ya kupewa notisi na kuamua kama unakaa au unahama. Na kabla ya kuhama, kaa na majirani. Wapangaji 20 wakienda kwa landlodi pamoja na kumsalimia kwa heshima, anasikiza tofauti na vile angemsikiza mmoja.

Ukichelewa kodi

Hapa nitakuwa wa haki kwa pande zote. Landlodi naye ana mkopo wa benki. Kuna wapangaji wanaohama usiku na nduthi tatu, wakiacha deni la miezi minne na choo kimeziba. Yeye akishikilia dipositi kama roho yake, hajaanza tu bila sababu.

Kwa hivyo ukiona kazi imeyumba, sema kabla ya tarehe. "Nitalipa nusu tarehe 5 na nusu tarehe 20," kwa maandishi, halafu timiza. Deni lililotangulizwa na ujumbe lina heshima kuliko deni la kuzima simu.

Lakini deni halimpi landlodi ruhusa ya kufanya lolote. Kuna njia ya sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, na inapitia kwa dalali aliye na leseni, kwa maandishi, mali ikiorodheshwa. Mpwa wa landlodi akija na wenzake wawili kuchukua TV yako si dalali. Uliza leseni, uliza barua, piga picha.

Na kama bado unaishi ndani, kukutoa kwa nguvu si kazi ya kufuli. Notisi kwanza, halafu mahakama. Kukufungia mlango na vitu vyako ndani, kukata maji, kung'oa mabati au mlango, ni njia za mkato, na landlodi hutumia kwa sababu wengi wetu huogopa au huona aibu ya majirani. Ikitokea, piga picha ya kufuli. Tuma ujumbe kumuuliza landlodi kwa nini amefunga, ili ajibu kwa maandishi. Nenda kwa chifu, kwa sababu kesi nyingi za mtaani huishia hapo kwa siku moja. Ripoti kituo cha polisi na upate namba ya OB, hata kama watakuambia hayo ni mambo ya madai na si ya jinai. Ile namba itakusaidia mbele. Na kama huna pesa ya wakili, Nairobi kuna Kituo cha Sheria, shirika ambalo limesaidia watu wasio na uwezo tangu 1973, na kesi za makazi ni kati ya kazi zao.

Kuhama bila kuacha pesa

Sasa ile notisi. Tuseme unalipa kodi kila tarehe 1, na hamkuandika kitu. Unaamua tarehe 12 Machi kwamba unahama, unatuma ujumbe. Kichwani unahesabu mwezi mmoja, tarehe 12 Aprili. Sheria inataka notisi ya mwezi mzima inayoisha siku ya kulipa kodi. Kwa hivyo notisi yako inaisha tarehe 1 Mei, na kodi ya Aprili ni yako kulipa. Ungeituma kabla ya tarehe 1 Machi, ungetoka tarehe 1 Aprili bila deni. Siku 12 hizo zimekugharimu kodi ya mwezi mzima, na landlodi akiikata kwa dipositi, hajakuibia.

Kama makubaliano yenu yana sentensi ya notisi, fuata hiyo. Lakini popote pale, itume kabla ya siku ya kodi, si baada.

Kuna ule ujanja wa kula dipositi: hulipi mwezi wa mwisho, unasema "chukua kwa dipositi." Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo. Hawaamini itarudi. Lakini dipositi si kodi mpaka mkubaliane iwe kodi. Usipokubaliana naye, umejiweka kwa deni, na mwenye deni ndiye anaweza kuletewa dalali siku ya kuhama, gari likiwa limeshapakia. Ukitaka njia hiyo, omba kwa maandishi, na ukubali abaki na kitu kidogo cha uharibifu.

Siku ya kutoka, zunguka nyumba na keteka au landlodi mkiwa pamoja, picha za siku ya kwanza mkononi. Kuna tofauti ya kuharibu na kuchakaa. Rangi kufifia baada ya miaka miwili ni kuchakaa. Mlango wenye tundu la ngumi ni kuharibu. Kila kitu anachokata, omba kwa upole bei na risiti. "Rangi 4,000" bila risiti ni maoni yake tu. Chukua namba ya mwisho ya mita ya maji, piga picha, rudisha funguo mbele ya mtu.

Asiporudisha, andika barua moja fupi ya kudai: kiasi, tarehe ulizolipa, tarehe uliyohama, na siku 14 za kulipa. Wengi hulipa hapo, kwa sababu wameona unajua unachofanya. Asipolipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1, na pesa ambazo mtu alipokea akashikilia ni kati ya madai inayosikiza. Haitaki lazima uwe na wakili, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Haiamui nani ana haki ya kukaa kwa nyumba, kwa hivyo usiipelekee kesi ya kufukuzwa. Lakini elfu nane yako inaweza kwenda huko.

Halafu utaulizwa swali moja tu: ushahidi uko wapi?

Kama unahamia mahali wiki hii, una karibu dakika 20 kati ya kupewa funguo na kuanza kupandisha godoro kwa ngazi. Usiziache zipite. Piga hizo picha, tuma huo ujumbe, ndiyo upandishe godoro.